Kilima cha Rabai: Mahali pa Kujifunza Kuomba

Msomaji mpendwa, kabla hujafungua ukurasa mwingine hebu jiulize swali moja. Mara ya mwisho uliyoomba ukiwa peke yako, pasipo mchungaji wa kukuongoza, pasipo kwaya wala kipaza sauti, ilikuwa lini? Sikuulizi habari za kesha la Ijumaa wala ibada ya Jumapili. Nakuuliza juu ya ile sala ya mtu mmoja na Mungu wake, mlango ukiwa umefungwa.

Wengi wetu tunaoishi mijini tukiulizwa hivyo hukuna kichwa. Si kwamba imani hatuna. Pita katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi saa ya chakula cha mchana uone wahubiri na wasikilizaji wao. Pita mtaani Jumapili asubuhi usikie ngoma na nyimbo kutoka kila upande. Lakini mtu yule yule anayeitikia "Amina!" kwa sauti kuu katikati ya watu elfu moja, akipiga magoti kando ya kitanda chake, dakika tatu haziishi kabla maneno hayajamwishia. Anakumbuka kodi ya nyumba. Anakumbuka karo. Mara usingizi unamchukua.

Basi siku moja linamfika jambo zito. Ni saa nane za usiku, simu imelia na habari si njema. Mchungaji yuko mbali, kwaya imelala. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiombewa, lakini yeye mwenyewe kuomba hajui.

Iwapo wewe ni mmoja wa watu hao, na iwapo familia yako inapanga kwenda Mombasa likizo ijayo, nakushauri utoe siku moja katika siku za kuogelea. Kuna kilima kimoja si mbali na mji huo ambako mambo ya sala yanaweza kujifunzwa kwa miguu na macho. Kilima hicho ni Rabai.

Anzia kaburini

Usikimbilie Rabai moja kwa moja. Anzia Nyali, upande wa Mkomani, ng'ambo ya mkono wa bahari unaotazamana na Mji wa Kale wa Mombasa. Hapo pana mnara wa ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Karibu yake pana kaburi la mkewe, Rosine.

Krapf na mkewe walihamia Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni mwaka huo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai homa ikaingia nyumbani. Rosine, aliyekuwa ametoka tu kujifungua mtoto wa kike, akafariki. Siku chache baadaye kile kichanga nacho kikamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa iyo hiyo.

Simama hapo kidogo pamoja na watoto wako. Mweleze yule mkubwa kwamba kwa mtu huyu, sala ya kwanza ya kukumbukwa katika nchi hii ilikuwa sala ya mfiwa. Baada ya msiba huo, Krapf aliwaandikia wakuu wake Uingereza kwamba kaburi hilo lisihesabiwe kuwa mwisho, bali alama ya kwamba kazi imeanza. Usidhani maneno kama hayo hutoka mdomoni kwa urahisi. Hutoka baada ya machozi.

Hili ndilo somo la kwanza. Wengi wetu tumezoeshwa kwamba sala ni lazima ianze kwa maneno mazuri. Tunamsifu Mungu kwa midomo huku moyoni tumekasirika, tunaogopa au tumechoka. Hebu fungua Zaburi usome jinsi watu wa kale walivyolia, walivyouliza na hata kulalamika mbele za Mungu. Basi sala yako ya faragha na ianze palipo na ukweli. Kama umefutwa kazi, sema umefutwa kazi. Kama umemkasirikia ndugu yako, litaje jina lake. Mungu unayemdanganya katika sala si rahisi kudumu naye.

Punda mmoja, wagonjwa wawili

Sasa shika njia ya Rabai. Kutoka Mombasa panda matatu iendayo Mazeras kwa barabara kuu ya Nairobi. Utaiacha Changamwe, upite Miritini, kisha gari lianze kupanda. Ukifika Mazeras utaiacha barabara kuu na kushika ile ya kwenda Kaloleni. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Pande zote mbili utaona minazi, na huenda ukamwona mgema akiwa juu ya mti na kibuyu chake, kwani Warabai ni hodari wa kugema. Upepo nao hubadilika. Lile joto zito la mjini linabaki chini, na ukigeuka nyuma unaona mikono ya bahari ikimetameta kwa mbali.

Wewe umepanda kwa gari. Krapf alipanda kwa taabu. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana Mjerumani kama yeye. Mwezi Agosti mwaka huo, baada ya wazee wa Rabai kukubali kuwapokea, wawili hao walianza safari ya kuhamia kilimani. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu wa kupanda, ikawa wanapokezana: huyu akipanda, yule anajikokota kwa miguu. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai kilivyoanza.

Msomaji, wewe unangoja nini ndipo uanze kuomba? Mmoja husema, "Nitaanza nikipata nafasi." Mwingine husema, "Nitaanza nikiacha tabia fulani." Mwanafunzi husema, "Nitaanza mtihani ukiisha." Wale wazee wawili wa kazi hii wangengoja homa iishe, huenda Rabai wasingefika kamwe. Anza na udhaifu wako. Anza na dakika kumi, si saa nzima. Anayejiwekea saa nzima siku ya kwanza hushindwa siku ya nne, na akishindwa huona haya kurudi.

Na huyo punda mmoja ana la kuwafundisha mume na mke wanaoishi chumba kimoja Kayole, Kangemi au Changamwe. Mnasema nyumbani hakuna nafasi kwa sababu ya watoto. Basi pokezaneni! Asubuhi baba awavalishe watoto na kuwapa chai huku mama amejitenga nyuma ya pazia dakika kumi. Jioni mama awashughulikie huku baba akitoka nje na Biblia yake. Mtu akimpa mwenzake nafasi ya kuomba, hiyo nayo ni ibada.

Mtu aliyekaa miaka 29

Rabai utaonyeshwa nyumba za wamisionari hao pamoja na makumbusho madogo ya Krapf yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Usipite hapo kwa haraka, hasa kwenye habari za Rebmann.

Vitabu vya shule humtaja Rebmann kwa jambo moja: mwezi Mei mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Krapf naye aliuona mlima Kenya kutoka Ukambani mwezi Desemba mwaka 1849. Lakini kuona mlima ni kazi ya siku moja. Jambo kubwa la Rebmann ni kwamba alikaa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake kudhoofika. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, miaka 29 pasipo kurudi kwao Ulaya. Alizika hapa. Macho yake yalififia hata akawa karibu kipofu. Na waumini aliowapata katika muda huo wote walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa mahututi.

Kwa hesabu za leo, mtu kama huyo angeambiwa sala zake hazina nguvu. Tunaishi katika nyakati ambapo sala imegeuzwa kuwa biashara: unatia shilingi huku, unangoja bidhaa itoke kule. Kazi isipopatikana kwa mwezi mmoja, tunahama kanisa. Rebmann aliamka asubuhi moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya siku elfu kumi, katika kilima kile kile, na mengi aliyoyaombea hakuyaona kwa macho yake.

Aliwezaje kudumu? Sitaki kujifanya najua yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini kuna jambo moja dogo la kutazamwa. Mwaka 1854 sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Anglikana zilichapishwa kwa Kiswahili kule Ujerumani, zikiwa kazi ya Krapf. Kijitabu hicho ni kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya Kikristo kuchapishwa kwa lugha hii tunayosoma leo. Tazama basi kilichotangulizwa: asubuhi na jioni, kila siku ya mwaka, iwe umefurahi au umehuzunika.

Somo hapa ni mawili. Kwanza, sala huhitaji saa yake. Mtu anayeomba anapojisikia tu ni kama mkulima anayepalilia anapojisikia tu. Chagua saa moja ya asubuhi na moja ya jioni, kisha uishike. Katika Marko 1:35 tunasimuliwa kwamba Yesu mwenyewe aliamka kukiwa bado giza, akaenda mahali pasipo watu. Iwapo yeye alihitaji saa na mahali, sembuse mimi na wewe?

Pili, omba kwa lugha yako. Watu hawa walihangaika miaka mingi ili Mungu asemeshwe kwa Kiswahili na Kirabai. Leo kijana wa Nairobi akianza kuomba hubadilisha sauti, huiga lafudhi ya mhubiri aliyemsikia redioni, na kurudia maneno ambayo hata yeye hayaelewi. La hasha! Omba kwa lugha uliyomlilia mama yako nayo. Kama ni Kikamba, iwe Kikamba. Kama ni Kidholuo, iwe Kidholuo. Sala ya faragha haina wasikilizaji wa kuwapendeza.

Neno moja juu ya bendera

Kutoka hapo nenda kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887. Omba ruhusa, uingie, ukae kimya kwenye benchi. Kisha uisikilize habari hii.

Kati ya waliohudumu Rabai alikuwako Mwafrika mmoja, William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisionari kule India, kisha akarudi pwani hii kuhudumu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya shemasi, na mwaka uo huo wakaondoka pamoja na msafara mkubwa kuelekea Buganda. Walipofika kwa Mumias, askofu alitangulia na watu wachache, akamwacha Jones na wengine. Mwezi Oktoba Hannington aliuawa huko Busoga pamoja na karibu watu wake wote.

Jones aliurudisha msafara uliobaki, mwendo wa mamia ya maili. Mapema mwaka 1886 watu wa Rabai waliwaona wakija, mbele yao ikipepea bendera ndogo ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Msomaji wa Biblia atalikumbuka jina hilo kutoka Samweli wa Kwanza. Ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ya msiba mkuu wa Israeli, na maana yake ni kwamba utukufu umetoweka.

Fikiri mwenyewe. Shemasi anarudi kanisani kwake akiwa na bendera inayosema kwamba utukufu haupo tena. Siku hizi tungemwambia, "Ndugu, usikiri hivyo! Huo ni upungufu wa imani." Lakini hakuitupa njiani. Aliileta nyumbani, mbele ya watu wake na mbele za Mungu wake. Na mwaka uliofuata kanisa hili unaloketi ndani yake likasimama.

Wengi wa walioimba humu siku hizo walikuwa watu waliokombolewa utumwani pamoja na watoro waliowakimbia mabwana zao. Tarehe 1 Januari mwaka 1889, baada ya mabwana hao kulipwa fidia, zaidi ya watoro 1,400 waliokuwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni walipewa hati zao za uhuru. Watu hao walikuwa wameishi muda mrefu wakiogopa kukamatwa usiku wowote. Kwao kuomba hakukuwa desturi ya Jumapili.

Kwa hiyo siku utukufu utakapoonekana kutoweka nyumbani kwako, mtoto akipotea njia, ndoa ikitikisika, au daktari akitoa habari ya kuogofya, usiikatize saa yako ya sala kwa kuona huna maneno. Nenda na neno moja tu. Hata kama neno hilo ni Ikabodi, lipeleke.

Msitu unaofundisha kunyamaza

Kabla hujashuka, tazama misitu inayokizunguka kilima. Hizo ni kaya za Warabai, ambazo ni kati ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watu walikuwa wakiomba hapa kabla Krapf hajazaliwa. Usiingie kwa kiherehere wala kamera mkononi. Wazee ndio wenye ruhusa, na ukipewa, fuata masharti yao.

Wewe ni Mkristo na una imani yako, wala sikwambii uibadilishe. Lakini tazama jambo hili: mzee wa kaya hawezi kuingia mahali anapopaona patakatifu huku anapiga domo. Sisi nasi huanzaje? Tunaingia katika sala tukikimbia na kutoka tukikimbia, simu ikiwa mkononi. Hebu jaribu dakika mbili za kunyamaza kabla ya neno la kwanza. Zima simu, pumua, kumbuka uko mbele za nani. Na baada ya neno la mwisho, nyamaza tena kidogo. Mazungumzo ya mtu mmoja anayesema bila kusikiliza hayaitwi mazungumzo.

Ukirudi mjini

Jioni itakukuta ukishuka tena Mazeras, gari limejaa, muziki unavuma. Hapo ndipo mtihani unapoanza, maana Rabai huwezi kuibeba. Unaloweza kubeba ni utaratibu.

Kwanza, tafuta pembe yako. Si lazima iwe chumba. Inaweza kuwa kiti kimoja, mkeka nyuma ya mlango, au ngazi za ghorofa alfajiri kabla majirani hawajaamka. Kama nyumbani haiwezekani kabisa, kumbuka kuna makanisa mjini unayoweza kuingia siku za kazi ukakaa kimya. Nairobi kuna kanisa kuu la All Saints na Basilika ya Familia Takatifu. Mombasa kuna lile kanisa kuu la ukumbusho katika barabara ya Nkrumah, lililojengwa kumkumbuka Hannington yule yule pamoja na watumishi wengine. Mfanyakazi akiokoa robo saa katika saa yake ya chakula, hatakufa njaa.

Pili, nunua daftari la bei rahisi. Andika tarehe, jambo unaloliombea na jina la mtu unayemwombea. Usiandike yako tu. Weka la jirani, la mwalimu wa mwanao, hata la yule mkubwa wako wa kazi anayekukosesha usingizi. Baada ya miezi sita lisome tena. Utaona mengine yamejibiwa bila wewe kutambua, mengine bado, na mengine utashukuru kwamba hayakujibiwa.

Tatu, ukikosa siku moja, usijihukumu hata ukaacha kabisa. Kesho yake rudi kwenye saa yako kama kwamba hujakosa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na iwapo utauliza mwisho wa utaratibu huo ni nini, basi turudi kwa yule mjane wa Mkomani. Krapf alirudi Ujerumani, akaishi katika mji mdogo wa Korntal. Rebmann alipotoka Rabai na macho yake yaliyofifia, alikuja kufia mji huo huo mwaka 1876. Miaka mitano baadaye, mwezi Novemba mwaka 1881, Krapf, mzee wa miaka 71, aliingia chumbani mwake kulala kama desturi. Asubuhi alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapakuwa na kwaya. Hapakuwa na umati. Alikuwa tu katika saa yake na mahali pake, akifanya alilolifanya kila usiku.

Basi msomaji, kwenda Rabai kunangoja likizo na nauli. Lakini kitanda unacho, na usiku wa leo unakuja.